Kukalia na Kukaliwa: Upinduaji wa Nafasi za Kike na Kiume katika Tamthilia za Ulimwengu Sambamba na katika Kisasili cha Wakikuyu

1. Utangulizi

Hadithi za kisayansi zinazoonyeshwa katika televisheni zina desturi moja iliyokwisha kuzoeleka, nayo ni kumtoa mhusika katika ulimwengu wake na kumtia katika ulimwengu mwingine uliofanana na ule wa kwanza kwa kila kitu isipokuwa jambo moja. Ulimwengu huo wa pili ndio unaoitwa hapa ulimwengu sambamba. Mara nyingi jambo hilo moja lililogeuzwa ni nafasi ya mwanamke na ya mwanamume: wanawake ndio wanaotawala na kutongoza, na wanaume ndio wanaotazamwa, wanaochezewa na kutakiwa wanyamaze. Mtazamaji hucheka, mhusika hutaabika kwa muda, kisha njia hufunguka naye akarudi kwao.

Makala haya yanakusudia kuichunguza desturi hiyo kwa kuiweka kando ya kisasili cha Wakikuyu kinachoeleza jinsi wanawake walivyotawala zamani na jinsi walivyopinduliwa. Mahali pa kusimamia ni Wamagana, makao ya utawala ya Tetu katika Kaunti ya Nyeri. Hapo na katika miji mingine ya Mlima Kenya kisasili hicho hakijawa kitu cha makumbusho: bado kinafanya kazi katika mizaha ya watu, katika siasa, na katika majina wanayoitwa. Kwa hiyo mtazamaji wa Wamagana anapouona ulimwengu uliopinduliwa katika kioo cha televisheni, haoni jambo geni. Anaona hadithi ambayo wazee wake waliisimulia kabla ya televisheni kuwapo.

Hoja itakayotetewa ni hii. Tamthilia hizi na kisasili hiki vyote huzungukia mimba: mimba ndiyo inayoamua nani yuko juu na nani yuko chini. Lakini kisasili cha Wakikuyu kina sehemu ya pili, inayohusu jina, ambayo tamthilia zilizochunguzwa hapa hazina. Sehemu hiyo ndiyo nzito zaidi, na ndiyo ambayo wasimulizi wa siku hizi huiacha.

2. Kisasili na sehemu zake mbili

Maandishi yanayojulikana zaidi ya kisasili hiki ni yale ya Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotolewa mwaka 1938 baada ya masomo yake mjini London chini ya Bronislaw Malinowski. Kwa muhtasari, masimulizi yenyewe ni haya. Gikuyu na Mumbi walizaa mabinti tisa, na kutoka kwa mabinti hao zikatokea koo za kabila zima. Kwa muda mrefu wanawake walikuwa ndio wakuu wa nyumba na wa vita. Mwanamke mmoja aliweza kuwa na waume kadhaa, na waume hao waliadhibiwa vikali kwa wivu na kwa makosa madogo. Hatimaye wanaume walifanya njama. Walijua kwamba kwa nguvu hawatashinda, basi wakaafikiana kuwatia mimba viongozi wa wanawake na wafuasi wao kwa wakati mmoja. Ilipotimia miezi sita, wanawake wakiwa wazito, wanaume wakaasi na kuutwaa utawala bila ya kupingwa.

Hapo ndipo wasimulizi wengi wa siku hizi hukomea, na ukikomea hapo kisasili huwa kimefanya kazi moja tu. Mwaka 1974 Joan Bamberger, akichunguza visasili vya namna hii kutoka Amerika ya Kusini, alieleza kwamba hadithi za utawala wa kale wa wanawake si kumbukumbu za historia, bali ni hoja: zinasema kwamba wanawake walipewa nafasi wakaiharibu, na kwa hiyo ni haki wasipewe tena. Malinowski naye alikuwa amekwisha kufundisha kwamba kisasili ni hati ya uhalali wa mambo yalivyo sasa. Kwa mtazamo huo, njama ya wanaume wa Kikuyu ni hati safi kabisa.

Lakini masimulizi ya Kenyatta hayakomei hapo. Wanaume walipokwisha kutawala walitaka kufuta pia majina ya koo, kwa kuwa yalikuwa majina ya wanawake. Jina la kabila walilibadilisha, likaacha kuwa la Mumbi na kuwa la Gikuyu. Walipoyagusa majina ya koo, wanawake walikataa. Walitangaza kwamba yakifutwa hawatazaa tena, na kwamba wataanza kwa kuwaua watoto wa kiume waliotokana na ile hila. Wanaume waliogopa, wakaacha. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Wamagana akiulizwa ukoo wake, awe mume au mke, hujibu kwa jina linalotokana na binti wa Mumbi: Anjirũ, Ambũi, Acera, Angarĩ na mengineyo.

Sehemu hii ya pili inabadilisha maana ya ile ya kwanza. Katika ile ya kwanza mimba ni mtego: mwenye kuibeba hushindwa. Katika hii ya pili uzazi ni hoja ya upande wa mwenye kuubeba, na matokeo yake si ushindi wa upande mmoja bali ni mapatano. Utawala ukaenda kwa wanaume, jina likabaki kwa wanawake. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoutunga utenzi wake Kenda Mũiyũru, uliochapishwa mwaka 2018, aliwarudia mabinti wale wale kama mashujaa na waanzilishi. Hakuwa na haja ya kuwabuni, maana majina yao yalikuwa hayajafutwa.

3. Ulimwengu sambamba katika televisheni

Tamthilia zitakazotajwa hapa ni chache, nazo zimechaguliwa kwa sababu zinaonyesha wazi mahali ambapo desturi yenyewe ina nguvu na mahali inapovunjika.

Ya kwanza ni Red Dwarf ya Uingereza, iliyotungwa na Rob Grant na Doug Naylor. Katika sehemu iitwayo Parallel Universe, iliyoonyeshwa mwaka 1988, watu wa chombo cha angani wanaingia katika ulimwengu ambamo historia yote imegeuzwa jinsia. Mshairi mkuu wa Waingereza huko ni Wilma Shakespeare, na aliyetangulia kukanyaga mwezini ni Nellie Armstrong. Lister anakutana na Deb Lister, na Rimmer anakutana na Arlene Rimmer. Ubora wa tamthilia uko hapa: Arlene anamfanyia Rimmer yale yale ambayo Rimmer huwafanyia wanawake, kwa tabasamu ile ile na kwa hila zile zile, na Rimmer anachukia bila ya kujitambua. Hakuna hotuba inayotolewa. Kioo kimewekwa, na mwenye uso anaukataa.

Udhaifu unakuja mwishoni. Katika ulimwengu huo wanaume ndio wanaobeba mimba, na Lister, baada ya kulala na Deb, anagundua kwamba ana mimba. Hilo ndilo pigo la mwisho la kichekesho, na mtazamaji anatakiwa alicheke kama adhabu. Yaani, baada ya kugeuza kila kitu, tamthilia imekiacha kitu kimoja bila ya kukigeuza: mwenye mimba ndiye aliyeshindwa. Wanaume wa kisasili cha Wakikuyu wangeielewa bila ya kufasiriwa.

La kustaajabisha zaidi ni lililofuata. Tamthilia iliporudi mwaka 1989, habari za uzazi wa Lister zilitolewa kwa maandishi yaliyopita kiooni kwa kasi ambayo macho hayawezi kuyasoma. Ndani ya maandishi hayo watoto mapacha wanazaliwa na kurudishwa katika ulimwengu wa mzazi wao mwingine. Hapana shaka watunzi walifanya hivyo kwa mzaha, lakini mzaha huo unasema mengi. Mimba ilifaa kuonyeshwa kwa sababu inaaibisha. Kuzaa, kulea na kuwapa watoto jina hakukufaa, kwa sababu hapo pangehitajika hadithi nyingine. Sehemu ya pili ya kisasili imepita kiooni bila ya kusomwa.

Ya pili ni Sliders ya Marekani. Katika The Weaker Sex ya mwaka 1995, wasafiri wanaifikia San Francisco ambamo wanawake ndio wenye madaraka, na Hillary Clinton ndiye rais wa nchi. Profesa Arturo, mwanamume mwenye majivuno ya elimu, anaghadhibika na kugombea umeya. Hapa swali ni la siasa, na kwa kiasi hicho tamthilia hii imeipita ile ya kwanza. Hata hivyo inamfanya mgeni mwanamume awe ndiye mkombozi wa wanyonge ambao hakuwajua jana. Mwaka uliofuata, katika Love Gods, wasafiri hao hao wanafika mahali ambapo vita vya maradhi vimewaua wanaume karibu wote, na waliosalia wanahifadhiwa na serikali kwa ajili ya mbegu tu. Mizani ni ile ile: thamani ya mtu na utumwa wake vinapimwa kwa mimba.

Ya tatu haina ulimwengu sambamba, bali ina wakati ujao. Ni The Worm That Turned, hadithi ya mfululizo iliyokuwamo katika kipindi cha The Two Ronnies mwaka 1980, iliyobuni kwamba ifikapo 2012 Uingereza itatawaliwa na wanawake. Wanaume wanavaa nguo za kike, wanafanya kazi za nyumbani, na wanaitwa kwa majina ya kike. Inatajwa kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi inayoligusa jina waziwazi kama jambo la madaraka. Lakini inaligusa kama fedheha. Kuitwa kwa jina la mwanamke ni kudhalilishwa, na hilo linachukuliwa kuwa halihitaji maelezo. Kwa mtu ambaye ukoo wake wote una jina la mwanamke, kichekesho hicho kinapoteza meno.

4. Suala la lugha: kauli ya kutendwa

Yafaa sasa kuuliza tamthilia kama hizi zingekuwaje katika Kiswahili. Swali hili si la kinadharia tu. Nchini Kenya wapo wasimulizi wa filamu, mashuhuri kati yao akiwa DJ Afro, ambao huifasiri filamu ya kigeni na kuisimulia upya kwa Kiswahili cha mitaani, na mengi ya mazungumzo ya asili huzaliwa mara ya pili vinywani mwao.

Jambo la kwanza atakalokutana nalo mfasiri ni kwamba viwakilishi havina jinsia. Katika Kiingereza kila sentensi ya nafsi ya tatu hulazimika kutaja kama mtu ni mume au mke, na sehemu kubwa ya kichekesho hutokana na ulazima huo. Kiswahili husema a-, yeye na -ke, kikapita. Kikuyu nacho ni hivyo hivyo. Ifi Amadiume, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu Waigbo, aliona kwamba lugha isiyotenganisha jinsia katika viwakilishi hurahisisha mwanamke kushika nafasi inayodhaniwa kuwa ya mwanamume. Hata neno mjamzito halimbagui mtu: mja ni mtu yeyote. Mfasiri anaweza kusema kwamba Lister ni mjamzito, na sarufi isitikisike.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili hakina upande. Jinsia ambayo haikuwekwa katika kiwakilishi imewekwa katika kauli ya kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi ni kimoja na tendo ni moja, lakini mmoja amewekwa katika kauli ya kutenda na mwingine katika kauli ya kutendwa. Kikuyu hutenganisha kwa namna yake: mwanamke husemwa kũhika, na mwanamume husemwa kũgũra, neno lililo pia la kununua. Kwa hiyo sentensi kama "Deb alimwoa Lister" ni sahihi kisarufi, na bado msikilizaji wa Nyeri au wa Tanga atasimama kidogo. Watunzi wa Kiingereza walihitaji mavazi, vyombo vya angani na historia nzima iliyogeuzwa. Kiswahili kinahitaji kukihamisha kiambishi kimoja, -w-, kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Tena kiambishi hicho hakifuati mwili wa mtu daima. Ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ilijulikana miongoni mwa Wakikuyu, na imechunguzwa na Wairimũ Ngarũiya Njambi na William O'Brien katika makala yao ya mwaka 2000. Katika ndoa hiyo mwanamke huoa, kwa maana kamili ya neno: hutoa mali, na huwa ndiye mkuu wa nyumba hiyo. Hakuna anayecheka na hakuna ulimwengu mwingine uliobuniwa. Basi kuoa ni neno la kiti, wala si la mwili. Anayekikalia kiti huitwa kwa kauli ya kutenda, awe nani.

Mitaani nchini Kenya mizaha imekwisha kulijua hili. Mwanamume anayeishi katika nyumba ya mwanamke husemwa kuwa ameolewa. Anayemtii mkewe kupita kiasi husemwa kuwa amekaliwa, na wengine huongeza kwamba amekaliwa chapati. Kauli ya kutendwa inatosha kuwa tusi. Kuhusu kukaliwa, nchi ya Mlima Kenya ina hadithi yake mahususi. Wangu wa Makeri, aliyekuwa mkuu wa serikali ya kikoloni huko Weithaga, Murang'a, mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1909, husimuliwa kwamba aliwakalia wanaume migongoni kama viti alipokuwa akiwaadhibu. Husimuliwa pia kwamba aliangushwa baada ya kuicheza kibaata, ngoma ya wanaume, na nguo yake ikamvuka. Habari zake za kihistoria zimekusanywa na Mary W. Wanyoike katika kitabu chake cha mwaka 2002.

Linalomhusu mhakiki ni namna masimulizi haya mawili yalivyochanganywa. Katika vinywa vya wengi Wangu amekuwa mwanamke wa mwisho wa ule utawala wa kale, ilhali kiti alichokikalia hakikuwa cha Mumbi. Kilikuwa cha Waingereza, waliomtambua kwa msaada wa Karuri wa Gakure. Machifu wanaume wa siku zile nao walikusanya kodi na kuwalazimisha watu kazi, lakini haikutokea hadithi ya kuonya kwamba mwanamume asipewe tena uchifu. Katika masimulizi ya Wangu, dhuluma ya kiti imehesabiwa kuwa tabia ya jinsia.

5. Tetu na jirani zake

Kutoka migongo ya Weithaga mpaka mizaha ya leo si mbali. Kwa miaka mingi wachekeshaji wa Kenya wamemfanya mwanamke wa Nyeri kuwa mfano wa mke anayempiga mumewe, na mzaha huo umeenea kiasi kwamba kulitaja jina la Nyeri tu kunatosha kuleta kicheko. Madhara yake ni ya pande mbili. Mwanamume aliyejeruhiwa kweli huona haya kushtaki, kwa kuwa kisa chake kimekwisha kuchekwa kabla ya kusikilizwa. Mwanamke aliyejeruhiwa naye husahauliwa, kwa kuwa ulimwengu wa mzaha umekwisha kuamua kwamba huko wanaopigwa ni wanaume. Hilo ndilo tatizo la ulimwengu uliopinduliwa unapotoka kiooni: unadai kuwa umeeleza hali ya watu, na kumbe umebadilisha majina ya waliokaa tu.

Matukio mawili yanafaa kuwekwa pamoja. Mwaka 2009 muungano wa vyama vya wanawake nchini Kenya uliwataka wanawake wawanyime waume zao unyumba kwa wiki moja, ili Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga wamalize ugomvi wao. Kibaki alikuwa mtu wa Othaya, papo hapo Nyeri. Mwaka 2012, baada ya habari za waume kupigwa huko Nyeri, chama cha Maendeleo ya Wanaume kiliwataka wanaume wasusie chakula cha nyumbani. Tukio la kwanza linafuata sehemu ya pili ya kisasili: wanawake wanalizuia lile ambalo bila ya wao halipatikani, na wanataka mapatano. La pili linaonekana kuwa kinyume chake, lakini sivyo. Kususia chakula kilichopikwa na mke ni kukiri kwamba mpishi ni yeye. Aliyesusia aliviacha viti vyote mahali pake.

Tetu ina mfano mwingine wenye uzito zaidi. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na aliyekuwa mbunge wa Tetu kuanzia uchaguzi wa 2002 hadi 2007, alipopinga ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi mwaka 1989, aliambiwa na Rais Daniel arap Moi kwamba mwanamke wa desturi ya Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Lakini tendo lake linaloigusa hoja hii zaidi ni la lugha. Baada ya talaka yake ya mwaka 1979, mumewe alitaka aliache jina la Mathai. Yeye, kama alivyoeleza katika Unbowed (2006), aliongeza herufi moja, likawa Maathai. Hakulitwaa jina la mwingine wala hakukubali kufutwa. Mwanamke wa ukoo wa Anjirũ, mwenye jina la binti wa Mumbi, alifanya mapatano ya herufi moja.

Mtengenezaji filamu Wanuri Kahiu, aliyemfanyia Maathai filamu ya maisha yake iitwayo For Our Land mwaka 2009, alitoa mwaka huo huo filamu fupi ya kisayansi, Pumzi. Ulimwengu wake umekauka baada ya vita vya maji. Asha, mwanamke mtunza makumbusho, anautoa mche nje ya mji uliofungwa, anaupanda jangwani, na kuupa maji yake mwenyewe na kivuli chake mpaka mwisho. Hakuna mwanamume aliyevishwa nguo za kike na hakuna kiti kilichopinduliwa. Mwanamke anabeba uhai, na kule kubeba si kushindwa wala si adhabu, bali ni kazi aliyoichagua. Ni filamu fupi, lakini imeingia mahali ambapo Red Dwarf ilipapitisha kwa kasi.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba upinduaji wa nafasi za kike na kiume, katika televisheni na katika kisasili kinaposimuliwa nusu, huviacha viti na kuwabadilisha wakaaji. Tamthilia zilizo bora humfanya mwanamume ahisi uzito wa kukaliwa, na hilo si jambo dogo. Lakini zinapofika kwenye uzazi hukimbia, na kwa kukimbia huthibitisha kile zilichotaka kukicheka.

Kwa mhakiki na kwa mfasiri wa Kiswahili yanafuata mambo mawili. Kwanza, asitosheke kuuliza nani anatawala katika ulimwengu uliobuniwa. Aulize pia watoto huko wanaitwa kwa jina la nani. Pili, aitazame kauli ya vitenzi vyake. Kumpa mwanamke kuoa na mwanamume kuolewa ni mwanzo mzuri wa kichekesho, na mfasiri hodari ataupata kwa kiambishi kimoja. Lakini Kiswahili kina kauli nyingine iliyo tayari, ambayo haimweki mtu chini ya mwenziwe: kuoana. Hadithi ya kisayansi iliyotungwa kwa kauli hiyo ingehitaji watunzi wenye ubunifu mkubwa kuliko wa kubadilisha mavazi, maana isingekuwa na njia ya kumrudisha mhusika kwao bila ya kuwa amebadilika.